Nyekundu Mbili na Chungwa Moja

Mwaka mmoja na miezi saba niliishi kiwanja kimoja na fundi redio bora kuliko wote Kyela. Nilimpikia, nikamfulia, nikamchemshia maji ya kuoga, na sikuwahi kumwona uso. Usicheke. Alikuwa baba mkwe wangu.

Kwetu Unyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, wala hatazamwi naye, wala hasemi naye ana kwa ana. Akisikia kikohozi chake njiani hujitupa kando mpaka mzee apite. Mimi nimewahi kujitupa kwenye jaruba la mpunga na ndoo ya maji kichwani, nikatoka na matope mpaka masikioni, na mume wangu Zebedayo akacheka mpaka akakaa chini. Wachungaji walishasema mambo hayo yamepitwa na wakati, na majirani wengi hapa Ndandalo walishayalegeza. Baba mkwe hakulegeza kitu. Jina lake silitaji hata leo. Ukilitaka, nenda mjini kamuulize Abdulrahim mwenye duka.

Kibanda chake cha kazi kilikuwa cha mianzi, kimeegemea jiko langu. Ukuta ulikuwa mmoja, yeye kule, mimi huku. Na mzee yule alikuwa na tabia ya kuongea na redio. "Haya mama, nani kakuumiza? Spika nzima. Betri nzima. Basi wewe una ugonjwa wa tumbo, ngoja tukupasue." Mimi namenya ndizi, nasikiliza. Napepeta mchele, nasikiliza. Zebedayo alikuwa baharia wa meli za Itungi, akienda kusini harudi wiki nzima, na mama mkwe wangu, Mama Naomi, kutwa yuko kwenye kakao. Nisikilize nini kingine? Baada ya miezi michache nilijua matumbo ya redio kuliko matumbo ya kuku.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya Kyela, ambayo mimi niliyakuta yana viberiti na sabuni ya mche, yakafurika vitu. Abdulrahim, ambaye babu yake alitoka Kilwa na biashara imo damuni mwake, akaleta redio za Dubai. Nyepesi, zinang'aa, zina vitaa vyekundu. Kila aliyeuza kakao alirudi nyumbani na redio begani, hata wasiokuwa na godoro. Masika yakaingia, na masika ya Kyela si mchezo, nguo hukaa siku nne kwenye kamba hazikauki. Redio zikaanza kufa moja baada ya nyingine.

Nikamsikia baba mkwe akigombana na ya kwanza. Redio za zamani zilikuwa na skrubu, unafungua, unaponya, unafunga. Hizi hazikuwa na skrubu hata moja. Zilikuwa zimegandishwa kwa gundi pande zote. "Aliyekutengeneza hakutaka ufunguliwe," aliiambia. "Alitaka ufe, tukanunue mwenzako." Kisha nikasikia puu! Ameitupa nyuma ya kibanda, na nyingine, na nyingine, mpaka likawa rundo.

Rundo lile nililichukua mimi. Nilizipasua kwa jiwe la kusagia, polepole, kama unavyopasua kakao bila kuumiza punje. Mara ya kwanza nilichoma waya nipate shaba, moshi ukamkohoza Mama Naomi siku tatu, akaniambia nikirudia ataniunguza mimi. Basi nikawa namenya waya kwa kisu. Spika kopo lake, koili kopo lake, sumaku kopo lake, na vile vijiti vidogo vyenye mistari ya rangi, rezista, nikavitenga kwa rangi zake. Nilikuwa na makopo ya maziwa kumi na mawili. Watu wakipita wanasema mke wa Zebedayo ameanza kuokota. Nikawaambia ndiyo, na mdomo wenu mkiutupa nitauokota vilevile.

Siku moja nikasikia kule ng'ambo, "Ningepata spika ndogo ya kiganja, mgonjwa huyu angepona leo." Ninayo! Nikaiweka kwenye mfuniko wa sufuria, nikaisukuma kupitia tundu la chini ya ukuta, wanamopitia kuku. Mila inakataza kusema na mkwe. Haikatazi kusema na redio.

"Redio," akasema, "mwambie aliyeleta spika hii, ndaga."

Ndaga kwetu ni asante. Mimi nikaigeukia sufuria yangu. "Sufuria, mwambie aliyeshukuru kwamba zipo nyingine nne."

Nikamsikia akicheka, kicheko cha kikohozi kikohozi. Tangu siku hiyo tukawa tunafanya kazi pamoja, sisi wawili, na redio, na sufuria.

Kisha akaanza kunifundisha. Ndivyo nilivyodhani. Anasukuma rezista kwa chini, anauliza, "Redio, muulize huyo mtu, hii ina mistari gani?" Nami nasema, "Kahawia, nyeusi, nyekundu." Anasema, "Vema." Akanieleza kila rangi ina namba yake, kahawia moja, nyekundu mbili, chungwa tatu, akaenda mpaka nyeupe, ambayo ni tisa. Nikaziandika ukutani kwa mkaa. Kila siku ananiuliza mara kumi, mara ishirini, na kila nikipatia anasema vema. Jamani, nilivimba kichwa! Mimi Anyisile, niliyeishia darasa la saba, nina mwalimu wangu mwenyewe anayenitahini asubuhi mpaka jioni. Miezi minane nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Sasa nisikilize nilivyoiharibu.

Mteja mmoja kutoka Ikolo alikuja kuchukua redio yake, akasifu. "Mzee, siku hizi unatengeneza haraka, umerudi ujana!" Baba mkwe akajibu, "Mikono hii, kijana, mikono hii." Mteja akauliza, je, huyo anayegongagonga nyuma ni nani? "Aa," akasema, "kuna mtu ananichambulia takataka."

Takataka! Nilisimama na mwiko mkononi, machozi yananilenga kwa hasira. Spika za nani? Koili za nani? Mimi hasira yangu haichelewi, mama yangu alisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Mteja hajafika hata barabarani, baba mkwe akasema, "Redio, mwambie huyo mtu alete rezista ya nyekundu mbili na chungwa moja."

Nikachukua nyekundu mbili na kahawia moja. Makusudi. Nikasema ataiona, atafoka, "Mwanafunzi gani huyu!" Nami nitamjibu, sufuria, mwambie hii inatoka kwenye takataka. Nilishalipanga jibu langu lote. Nikaisukuma, nikangoja.

Hakufoka. Nikasikia chuma cha kulehemu kikitoka kwenye mkaa, tss, tss. Nikasikia betri zikiingia. Kisha nikanusa moshi.

Redio ile ilikuwa ya Abdulrahim mwenyewe, ya dukani, ya kuonyeshea wateja. Jioni alikuja kwa baiskeli, nami nikiwa nyuma ya ukuta nimejikunyata, nikasikia baba mkwe akisema, "Nimeiunguza. Nimekosea mimi, mkono ulinitoka." Hakusema takataka. Hakusema mtu wa nyuma. Alisema mimi.

"Mzee wangu," Abdulrahim akasema kwa upole, na upole wake ulitisha kuliko kelele, "watu wananiambia vidole vyako vimejaa malengelenge. Na mimi dukani nina magunia mawili ya redio zilizokufa, wateja wananitukana mpaka mlango wa msikiti. Nilitaka nikupe wewe zote, na wateja wote nikuelekezee. Lakini lazima nijue. Jumamosi nakuja. Nitaharibu redio moja mbele yako, uitengeneze nikitazama. Ukishindwa, nazipeleka kwa fundi wa Mbeya, na nitawaambia watu ukweli, kwamba umechoka. Usinichukie."

"Karibu Jumamosi," baba mkwe akasema.

Mama Naomi aliporudi kutoka shambani nilimrukia. "Mama, hakuona vipi? Kahawia na chungwa! Hata mbuzi anaona!"

Akaweka kapu chini. "Mwanangu, hajaona rangi tangu mavuno ya mpunga ya mwaka jana. Mtoto wa jicho. Anaona ukungu tu, na mtu akisimama mlangoni anaona kivuli."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alikataza. Hospitali hataki, anaogopa kisu kuliko giza. Na wateja nani anamtazama vizuri mzee aliyeinama kibandani? Wewe peke yako unakaa naye kutwa nzima, na wewe peke yako huruhusiwi kumtazama. Alijua kwako yuko salama."

Nilikaa chini palepale, kwenye majivu. Miezi minane nilidhani ananitahini, kumbe alikuwa akiuliza kweli. Kila aliposema vema alikuwa akinishukuru. Alikuwa hana macho mengine ila yangu, na mimi nikayatumia kumdanganya kwa sababu ya neno moja. Nililia mpaka ndizi zikaungua, na Mama Naomi hakunigombeza.

Asubuhi nikaamka na akili. Kupitia tundu nisingeweza kumsaidia Jumamosi, Abdulrahim angekuwa amekaa pale anatazama kila kitu. Na kutoka mbele yake nisingethubutu. Basi ilibidi redio yenyewe ikubali kutengenezwa na mtu asiyeona.

Nikatazama ukuta wa mianzi ulio kati yetu. Mwanzi mmoja ukioza hatubomoi nyumba. Tunachomoa uleule, tunachomeka mwingine, nyumba inaendelea kusimama miaka na miaka. Kwa nini redio iwe na akili ndogo kuliko kibanda?

Nikachukua mbao za sanduku la chai, nikaunganisha kasha lenye mfuniko wa skrubu nne tu, zote sawa, unazifungua kwa sarafu. Zebedayo aliwahi kuniletea swichi mbovu za umeme zilizotupwa kule Itungi, ndani yake mna vibano vya shaba vya kukaza kwa skrubu. Nikavichomoa, nikavipanga kwenye ubao. Kila kiungo cha redio kikakaa kwenye vibano vyake, hakuna gundi, hakuna kulehemu, ukilegeza kinatoka. Na kila rezista nikaifunga uzi wa wavu wa samaki wenye mafundo. Kila mstari na mafundo yake, kahawia fundo moja, nyekundu mawili, chungwa matatu, namba zilezile alizonifundisha yeye. Makopo nayo nikayafunga nyuzi zake.

Kisha nikasukuma kipande kimoja chini ya ukuta. "Sufuria, mwambie redio kwamba mafundo mawili ni nyekundu."

Nikasikia vidole vikipita juu ya uzi, vikarudi, vikapita tena.

"Redio," akasema mwishowe, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku, "muulize huyo mtu, nani kamwambia?"

"Moshi," nikasema. Nilisahau hata kumtaja sufuria.

Nilingoja anifukuze. Badala yake kile kipande kikarudi kwa kasi. "Mwambie hii ni mbaya. Fundo na fundo zimebanana, kidole changu kinene kitahesabu vipi? Aache nafasi. Na vibano avipange kwa mstari, asivitawanye kama mavi ya mbuzi!"

Basi tukagombana siku nne mfululizo, na sijawahi kufurahia ugomvi kama ule. Mimi nataka spika juu, yeye anataka pembeni maji ya mvua yasiingie. Yeye alipatia. Mimi nataka ubao mmoja, yeye anataka miwili, mmoja ukiloa mwingine upone. Alipatia tena, lakini nafasi ya kuingiza betri nilipatia mimi, na alikiri, ingawa ilimchukua mchana mzima. Spoku ya baiskeli ikawa eriali. Ijumaa jioni ikaimba, ikaanza na Malawi kama kawaida ya redio za huku, Dar es Salaam ikaja baadaye kwa mkwaruzo.

Jumamosi Abdulrahim alikuja na magunia yake mawili kwenye mkokoteni. Mimi nilikuwa jikoni, jicho langu kwenye ufa wa ukuta, lakini ufa ule nilikuwa nimeuchagua unaoonyesha meza tu, si mtu. Niliona mikono ya Abdulrahim ikiigeuzageuza redio yetu, ambayo baba mkwe alimwambia ndiyo aiharibu. "Hii nayo ya Dubai?" akatania. Akaifungua kwa sarafu, akachomoa kitu kimoja, akakificha kiganjani, akaifunga. "Haya, mzee. Mgonjwa wako."

Kisha ikaja mikono mingine. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona. Ilikuwa na makovu ya moto kila kidole, mapya na ya zamani. Nikauma upindo wa kanga.

Vidole vikapata skrubu, moja, mbili, tatu, nne. Vikaingia ndani, vikatembea juu ya mafundo bila haraka, kama Mama Naomi anavyochambua mchele huku anapiga soga. Vikafika penye kibano kitupu, vikasimama. "Hapa umeniibia nyekundu mbili na chungwa," akasema. Vikaenda kwenye makopo, la kwanza hapana, la pili hapana, la tatu likawa ndilo. Akachomeka, akakaza. Redio ikaimba kwaya ya Kimalawi kwa nguvu mpaka kuku wakakimbia.

Abdulrahim alipiga makofi. "Mashaallah! Mzee, nisamehe. Nani alisema umechoka? Macho yako makali kuliko yangu!"

Nilishika ukuta kwa furaha. Imekwisha, tumepona, hakuna atakayejua. Kilichobaki ni yeye kusema asante.

"Macho?" baba mkwe akasema. "Abdulrahim, mimi sikuoni hata wewe."

Akaizima redio.

"Nimekuwa kipofu mwaka mzima. Nimewadanganya watu kwamba ni mikono yangu. Redio hii hakuitengeneza mtu huyu unayemtazama. Vile viungo vyote vimetoka kwenye uchafu niliotupa mimi mwenyewe nikidhani havina kazi. Fundi yuko nyuma ya ukuta huu. Nilimwita mtu wa takataka, na akasikia, najua alisikia."

"Nani huyo?" Abdulrahim akauliza.

Baba mkwe alikuwa hajawahi kuliweka jina langu mdomoni. Nikasikia stuli ikisogea, na sauti ikaja karibu kabisa na ukuta. Safari hii hakumtuma redio.

"Anyisile. Toka, mwanangu. Unaogopa nitakuona. Mwenye macho ya kukuona hayupo tena."

Mama Naomi, ambaye kumbe alikuwa amesimama mlangoni kwangu muda wote, alinisukuma mgongoni kwa kiganja. Nikazunguka kibanda, nikaingia, na kwa mara ya kwanza nikamtazama. Alikuwa mzee mdogo kuliko sauti yake. Macho yake yalikuwa meupe, na alikuwa na masikio makubwa ya Zebedayo. Nikapiga magoti.

"Baba, ile kahawia nilileta makusudi."

"Najua. Mtu anayepatia miezi minane hakosei siku moja."

"Mbona hukunisema?"

"Ningekusema vipi bila kusema kwamba sioni?" Akanyoosha mkono hewani, hakunigusa, akaurudisha gotini. "Tulikuwa waongo wawili. Inuka."

Abdulrahim alikuwa akitazama kofia yake. Mfanyabiashara yule, nilijua anapima, mwanamke, kijijini, wateja watasema nini. Nikamtolea jicho. Nilikuwa tayari kabisa na maneno yangu. Lakini alikohoa tu, akaivaa kofia. "Haya," akasema. "Fundi, haya magunia niyashushe wapi?"

"Hapo," tukajibu wote wawili, kila mmoja akionyesha upande wake.

Alipoondoka, na Mama Naomi akarudi kwenye kakao yake, tulibaki wawili. Redio ipo mezani, sufuria ipo jikoni, na hatukuwa na haja nazo. Nikaona anahangaika. Mwishowe akauliza kwa sauti yake ileile ya kuuliza rezista, "Kanga yako leo ina rangi gani?"

Nikaitazama, nikahakikisha.

"Nyekundu, Baba. Nyekundu, na maua ya chungwa."

"Vema," akasema.